Walitupaka Kijani

Jumatatu, 11 Septemba 2006

Madam Phelista anayetufundisha ngumbaru pale kanisani ametuambia sisi wanafunzi wake wazee tuandike kitu kila jioni, hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau. Mimi nikiwa mtoto sikukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo mkono wangu ni wa kusahau haraka. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika chenye umeona, Mama Wilkista."

Haya. Nimeona mawingu upande wa Mlima Elgon. Nimeona mahindi yanaanza kukauka. Nimeona Nanyama, mke wa mwanangu, akipanga nguo zake ndani ya sanduku, halafu akizitoa tena moja moja. Hajui nilikuwa mlangoni.

Jumanne, 12 Septemba

Ng'ombe alipotea. Ng'ombe akapatikana kwa mahindi ya watu. Nimetukanwa.

Alhamisi, 14 Septemba

Nanyama amesema mwenyewe. Nilikuwa nachambua mboga, akaja akakaa chini karibu na miguu yangu kama msichana. Wabwile wangu alikufa mwaka jana, akamwacha mke huyu na mtoto mmoja, Ivy, ambaye bado anaota meno ya mbele. Sasa kuna mwanamume wa Suam, kule mpakani, Kiptanui, anayeleta maharagwe na ndizi za Uganda mpaka soko la Ndalu. Amemwona. Anataka kumwoa.

"Mayi, mama yangu, sijamkubali," akasema. "Lakini hapa nitakula nini? Kishamba ni hiki tu, na kila mwaka mahindi yanaozea kwa mvua."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikamwambia mboga haijaoshwa vizuri.

Jioni shemeji yangu Mukhisa akapita. Yeye ndiye liguru, mzee wa kijiji hiki cha Namusale, na habari ikifika kwake haipoi. Ati kuna mtu mwenye pesa anatafuta pa kujenga kiwanda cha kukausha mahindi na kusaga unga. Serikali imemwambia akijenga mahali penye dhiki atasamehewa kodi miaka mingi, na stima na barabara ataletewa. Sasa vijana wa ofisi ya Bungoma wanazunguka wakichora ramani ili wajue dhiki iko wapi. Jumatano wako kwetu.

"Na wanawake wataandikwa kazi?" Nanyama akauliza.

"Hasa wanawake."

Mukhisa alipoondoka, Nanyama akaniangalia machoni. "Mayi, kiwanda kikija, nakaa. Nitajenga hapa hapa kando ya kaburi la Wabwile. Kisipokuja, tafadhali usinishike."

Nimesema sawa. Nimeandika hapa kwamba nimesema sawa.

Jumapili, 17 Septemba

Baada ya ibada Mukhisa alisimama mbele. Yeye ulimi wake unabadilisha herufi mpaka leo. "Serikari inakuja Jumatano! Kijiji kisiaibike! Mwenye kiti atoe kiti, mwenye vikombe atoe vikombe!"

Mtu mmoja nyuma akauliza kama si watu wa dhiki ndio wanaotafutwa.

"Wewe," Mukhisa akasema, "wakwe wakija kuona boma lako, unawaonyesha zizi tupu? Si unaazima hata ng'ombe wa jirani? Nani atareta mashine yake kwa watu hawana pa kukaa?"

Sote tukasema ndivyo. Mimi nilisema kwa sauti.

Jumatatu, 18 Septemba

Tumefagia.

Jumatano, 20 Septemba

Leo nitaandika mpaka mkono uume.

Nilidhani atakuja mtu mkubwa mwenye tai. Kumbe ni kijana tu, Kevin, viatu vimejaa matope, shingo kama ya ndama aliyeachishwa kunyonya mapema. Kazaliwa mjini Bungoma lakini nyanyake ni wa Lugulu. Nikamwambia basi ni mjukuu wangu, aingie. Hakuingia. Alisimama mbele ya mlango wangu ameshika kamashine mfano wa simu, akakainua juu, kimya.

"Unaomba?"

"Hapana, Kukhu," akasema, akiniita nyanya kwa lugha yetu. "Nangojea setilaiti. Hii ni jipiesi. Inajua penye nyumba yako iko duniani."

"Mimi pia najua penye nyumba yangu iko. Si ungeniuliza?"

Alicheka sana, nikampenda. Akanieleza kwamba kila nyumba inakuwa nukta, na nukta inabeba majibu ya mwenye nyumba. Nukta zote zikiingia kwa kompyuta, ramani inajipaka rangi yenyewe kulingana na majibu. Nikamwambia hayo yote ni mazuri lakini chakula kinapoa.

Nilikuwa nimechinja jogoo. Alikuwa mmoja tu. Tulikuwa na viti sita vyenye vitambaa vya kushona: viwili vya Mukhisa, vitatu vya kanisa, na kimoja sijui cha nani. Thamosi ilikuwa ya madam Phelista. Kevin nikampa firigisi, kwa maana ndiye mwanamume mgeni. Ivy alikuwa anaiangalia ile firigisi kama mtu anayeaga.

Kevin akatoa karatasi zake.

"Kukhu, mko watoto wangapi hapa?"

"Watoto hawahesabiwi. Wapo."

"Sawa. Jana mlikula mara ngapi?"

Sasa niambieni. Mgeni ana nyama yangu mdomoni, mafuta yanang'aa kidevuni. Nimwambie jana tulikunywa uji, tukalala? Si ni kama kumwambia ateme?

"Tatu," nikasema.

Ivy akainua kichwa akaniangalia. Nikamkazia macho, akarudi kwa mchuzi.

"Na kuna mwezi huwa chakula inaisha kabisa?"

"Mungu hajatuacha."

"Viti ni vyenu?"

"Wewe umekalia vya nani?"

Akaandika. Alipotoka kushika setilaiti yake tena, Nanyama na wanawake wawili waliinua vile viti wakapitia katikati ya mahindi, mbio, mpaka kwa nyumba inayofuata. Nyumba ya tatu Kevin alisimama akakiangalia kitambaa. "Hii maua ni kama nimeiona pahali."

"Fundi ni mmoja, bana," Mukhisa akamjibu.

Kijiji kizima kilikwenda hivyo isipokuwa Waruguru. Waruguru ni mjane kama mimi, watu wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba hapa zamani, na tangu hapo tunaazimana moto na chumvi. Viti vilipofika kwake alivirudisha. Kijana akakalia mtungi uliogeuzwa juu chini, akapewa chai ya strungi, isiyo na maziwa. Mimi nilikuwa kwa ua, nasikia yote. Alimwambia anakula mara moja. Alimwambia mahindi ya mwaka jana yalikuwa na ukungu na aliyala hivyo hivyo. Alimwambia paa linavuja juu ya kitanda. Hata alimwambia kwamba mwanawe Ndirangu alienda na hatumi hata salamu. Mambo ya ndani! Kwa mtoto wa watu!

Jioni nikamfuata. "Waruguru, umemvulia mgeni nguo."

"Na wewe, Wilkista, umemvika za kuazima."

Sikumuaga.

Alhamisi, 21 Septemba

Viti vimerudi kwao. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumatatu, 25 Septemba

Nanyama anaimba akiteka maji. Amemwambia Kiptanui angoje.

Jumapili, 1 Oktoba

Waruguru alikaa benchi la nyuma. Hakuna aliyekaa naye. Hata mimi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Tumeanza kukata mahindi. Jua zuri. Nanyama anakata mistari miwili nikikata mmoja, na bado anaongea. Ati mshahara wa kwanza atanunua mabati, wa pili atampeleka Ivy shule ya sare ya kijani. Nikamwambia apunguze mdomo aongeze panga. Alicheka. Ni muda sijamsikia akicheka hivyo, tangu Wabwile.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua. Mahindi tumeyasimamisha shambani, yamefungwa vichwa kama wanawake wanaolia pamoja.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu ya Kenyatta. Mvua imeisherehekea peke yake.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimevunja hindi moja nikalisikiliza. Halikusema kitu. Hindi kavu husema.

Alhamisi, 26 Oktoba

Leo ilikuwa baraza, kwa uwanja wa shule. Mvua ilitupa nafasi asubuhi. Tulienda wote, na Nanyama alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu.

Alikuja mama mmoja wa ofisi mwenye viatu vya kisigino, vinazama kila hatua, na Kevin nyuma yake amebeba karatasi ndefu imekunjwa. Waliifungua kwa ubao. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Ilikuwa ni sisi! Mto wetu, barabara ya Ndalu, kanisa. Upande wa mlimani kulikuwa kwekundu, kunatisha, kama kidonda. Lakini Namusale yote ilikuwa kijani, kijani ya mahindi ya mwezi wa sita.

Tulipiga makofi.

Naandika hili kwa sababu nilikuwa wa kwanza. Nilipiga makofi, Mukhisa akarusha kofia, na Nanyama akapiga kigelegele kirefu mpaka ndege wakatoka kwa mti. Wanawake wakamjibu. Yule mama wa ofisi akatungoja tumalize. Alifikiri tumefurahi kwa sababu hatuna shida.

"Nawapongeza," akasema. "Kijani maana yake ni eneo linalojiweza. Nyekundu ndiyo dhiki. Kiwanda kitajengwa kule kwenye nyekundu, upande wa juu."

Kigelegele kilikuwa bado hewani, naapa.

Mukhisa akasimama, kofia iko chini kwa matope. "Madam, hizo langi mmechanganya. Kijani ni uhai. Nyekundu ni hatari. Nani anapeleka kiwanda kwa hatari?"

"Mzee, kompyuta haichanganyi. Hayo ni majibu yenu wenyewe."

Ndipo mtu akaonyesha kidole: "Na hiyo moja hapo? Ni damu?"

Katikati ya kijani chetu kulikuwa na nukta moja nyekundu, ndogo kama kuumwa na kiroboto. Kevin hakutaka kusema. Lakini kila mtu alihesabu nyumba kutoka kanisani na akajua. Vichwa vyote vikageuka kwa Waruguru.

"Kumbe ulitaka kiwanda cha peke yako!" mwanamume mmoja akamrushia.

Waruguru alijifunga leso vizuri. "Nukta moja hawaijengei kiwanda. Mngesema nami tungekuwa nyekundu wote."

Mvua ikaanza, wakakunja ramani haraka isiloe. Sisi tuliloa.

Nanyama alitembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka. Gauni lilishika matope mpaka magotini. Alipofika alilivua, akalifua papo hapo kwa maji ya mvua, akalianika ndani. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mayi, tuliwaambia tunakula mara tatu."

"Mimi ndiye nilisema."

"Na mimi nilibeba viti."

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimeenda kwa Waruguru. Nimekaa kwa ule mtungi. Sikujua la kusema nikasema mtungi wake ni mgumu. Akasema, "Ndiyo kiti niko nacho." Tukanywa strungi.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua. Ukungu umeingia kwa magunia mawili.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua. Sitaandika neno hilo tena. Madam Phelista atanisamehe.

Jumanne, 14 Novemba

Tumetoka Kitale. Tulianika mahindi kwa turubai kila jua lilipochungulia, tukayakusanya kila lilipoficha uso, mpaka Ivy akawa anakimbilia turubai akisikia ngurumo hata akiwa amelala. Tukachagua yenye afadhali, tukayapakia kwa trekta ya jirani.

Mnunuzi ana duka la nafaka karibu na stendi. Alichoma gunia kwa chuma chenye kioo, akasoma. "Mama, hii imelewa maji."

"Choma lingine."

Akachoma lingine. Akachoma yote. Si mtu mbaya, alichoma kwa upole kama daktari. "Ningekuwa na pa kukaushia ningechukua. Sina. Hapa Kitale leo kila mtu amekuja na uji ndani ya gunia."

Nanyama akamuuliza wenye mahindi makavu wanayakaushia wapi. Akasema wako na mashine.

Tulirudi nayo. Njiani Nanyama aliegemea magunia, akafunga macho, na mimi nikamwangalia vile mtu anaangalia nyumba anayohama.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimeenda Bungoma. Sikumwambia Nanyama ninakoenda, nilisema naenda kwa mganga wa meno. Waruguru alinisindikiza. Nilimwambia asije, yeye alisema ukweli, hana la kurekebisha. Akanijibu, "Utaongea matusi wakufukuze. Nakuja kukushika mkono."

Ofisi ni chumba kimoja chenye kompyuta na feni haizunguki. Kevin alisimama alipotuona. Alitoa kiti chake akanipa mimi, na Waruguru akampa cha mwenzake, yeye akabaki wima.

"Kevin, mjukuu wangu, nimekuja kufuta."

"Kufuta nini, Kukhu?"

"Ile tatu."

Alielewa. Akageuza kompyuta, akabonyeza, na nikaona kijiji chetu kutoka juu vile malaika wanakiona. Akabonyeza nyumba yangu. Maneno yakatoka, akanisomea: chakula mara tatu, njaa hapana, viti sita, kuku ndiyo. Sauti ilikuwa ya Kevin lakini uongo ulikuwa wangu, nikaujua kama mtu anavyojua mtoto wake gizani.

"Kuku alikuwa mmoja," nikasema. "Ulimla."

Waruguru akanifinya mkono.

"Kukhu, siwezi kufuta. Hii ilifungwa, ikaenda Nairobi, na mwenye kiwanda ashaanza kupima shamba kule juu. Si ungeniambia tu siku ile?"

"Ulikuwa mgeni wangu! Nilikupa firigisi. Nani anampa mtu firigisi na njaa kwa sahani moja?"

Akakuna shingo yake ile nyembamba. Halafu akasema kitu ambacho sikutarajia. "Nilijua vile viti."

"Ulijua nini?"

"Vile viti nilivikalia nyumba nane, Kukhu. Kimoja kina msumari. Kilinidunga nyumba nane."

"Ulijua, na ukaandika?"

"Kwa karatasi kuna mahali pa 'viti vingapi.' Hakuna mahali pa 'vimeazimwa.' Na mtu akikuambia tatu, unaandika tatu. Nyanyangu alinilea. Mimi nimwambie mtu wa rika lake anadanganya, nikiwa kwa meza yake? Ningekataa kuku yako?"

Nilikuja na matusi yamejaa mdomo. Yote yakakosa pa kushukia. Huyu mtoto alikula kwa adabu, mimi nikapika kwa adabu, na adabu zetu mbili zimetuua.

Nilimuuliza yeye mwenyewe amekula leo. Akasema, "Ndiyo, Kukhu." Nikamwangalia. Akatazama chini. "Bado," akasema. Waruguru akafungua mfuko wake, akamgawia viazi vyetu vya njiani.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimemwambia Nanyama nilienda Bungoma na nilivyorudi. Akaniosha miguu. Na mimi nikajua ataenda.

Jumapili, 3 Desemba

Jua. Sasa!

Jumamosi, 9 Desemba

Mukhisa na wazee wawili wa ukoo walikuja. Nanyama aliwaambia kwa heshima, amepiga magoti, kwamba anaenda Suam kuolewa. Hawakumzuia. Mukhisa akakohoa, akasema mwanamke ni wa kwenda lakini damu ya Wabwile ni ya hapa. Ivy abaki. Ndivyo ilivyo tangu jadi.

Nanyama alibaki amepiga magoti tu.

Na mimi? Moyo wangu uliruka kwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu nimechoka kuandika mengine. Niliona nimebaki na mtoto mwenye uso wa Wabwile, anaota meno mbele yangu, na nikasema kimoyomoyo, asante Mungu, asante desturi.

Jumatatu, 11 Desemba

Asubuhi nilimkuta Nanyama nje amemshika Ivy katikati ya magoti, anamsuka. Anasuka nyembamba, anakaza, mtoto analia.

"Unamuumiza," nikasema.

"Nataka zikae, Mayi. Zisifumuke mapema."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Alikuwa anasuka nywele za miezi ambayo hatakuwepo. Vidole vilikuwa vinaenda haraka, na machozi yanaangukia kwa mstari wa kichwa, naye anayapangusa kwa kidole kama mafuta na kuendelea.

Nilikaa kwa kizingiti nikaangalia mpaka akamaliza. Kisha nikavaa viatu nikaenda kwa Mukhisa.

"Mtoto anaenda na mamake."

"Mulamwa, shemeji yangu, utavunja desturi ya watu?"

"Desturi ndiyo ilinifanya nimwambie Kevin tatu. Mwaka huu imeshakula ya kutosha kwangu. Mtoto haitamla."

"Wazee watasema nini?"

"Wakija nitawapikia," nikasema, "halafu nitawaambia ni chakula cha mwisho ndani ya nyumba. Kwa sababu kitakuwa cha mwisho."

Alinikasirikia. Lakini nilipofika kwa lango lake aliniita, akasema ana debe moja la mahindi yenye afadhali, nitume mtu. Nikasema nitakuja mwenyewe.

Jumanne, 12 Desemba

Nimemwambia Nanyama. Alikumbatia magoti yangu, karibu aniangushe. Nikamwambia aache ujinga, aanue nguo za mtoto.

Jumatano, 13 Desemba

Wameenda.

Kiptanui alikuja mpaka Ndalu na pikapu aliyopandia na magunia yake. Ni mtu mrefu, ana aibu, alinisalimu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejipanga kumchukia. Nilimuuliza mbele ya watu wote, "Utawalisha?"

Alifikiri kwanza. "Nitajaribu, Mama. Kuna wakati mpaka unafungwa na sipati kitu. Huo wakati tutalala njaa."

Kama angesema watashiba kila siku ningemnyang'anya mtoto. Nikampa mkono.

Ivy alikuwa juu ya magunia, nywele zimekaza mpaka macho yamevutwa. Hakulia. Aliniuliza, "Kule Suam kuna kukhu?"

"Kila mahali kuna kukhu," nikasema.

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu mzima anayekataa bei.

Nanyama aliangalia mbele. Nilimwomba Mungu asigeuke, na hakugeuka. Waruguru aliniambia twende. Nikamwambia atangulie. Hakutangulia.

Alhamisi, 14 Desemba

Nimefagia pale palipofagiliwa.

Jumanne, 19 Desemba

Watu wa kule juu wanasema msingi wa kiwanda umechimbwa. Wameandika wanawake. Nimefurahi kwa ajili yao. Nilipoandika hilo neno nimefurahi nimelitazama sana. Nusu yake ni kweli.

Jumapili, 24 Desemba

Kanisani leo watu walikuwa wengi, waliotoka mbali wamekuja na mikate na viatu vipya. Nilikaa benchi la nyuma na Waruguru. Tulipotoka, mke wa Mukhisa alikuja na lile tabasamu la sikukuu, akanishika mkono kwa yake miwili.

"Habari ya nyumbani, mama?"

Jibu lilikuwa tayari limekaa ulimini, njema, limekaa hapo miaka yote. Nilifungua mdomo nikasema, "Mbaya."

Alibaki ameshika mkono wangu. Tabasamu halikujua pa kwenda. Sisi hatukufundishwa neno la kujibu hapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia lile la kwanza. Watu walikuwa wanatupita na mikate yao. Nilifikiri ataniachilia.

Hakuniachilia. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogeza kichwa chenye kitambaa kipya mpaka kikagusa changu.

"Hata kwetu," akasema.